Simu kwenye pindo la kanga

ZUHURA: Taa nyekundu hiyo, tumeanza. Kasimu karudi kutoka Pangani Jumapili na tangu arudi kanuna. Hata chai yangu hajaiponda, ndiyo nikajua kuna msiba.

KASIMU: Chai yako zamu yake inakuja. Nilikwenda kwa bibi. Wale wa siku nyingi mnamjua, bibi wa "mjukuu wangu anaongea na ukuta".

ZUHURA: (anacheka) Bado anasema hivyo?

KASIMU: Mpaka leo. Sasa, miaka mitatu namwomba anihadithie enzi za mkonge na aniimbie zile nyimbo za kumtoa mwali. Jibu ni kesho. Jumamosi baada ya Alasiri kaniita mwenyewe: lete hicho chombo chako. Nikambana maiki ndogo hapa kifuani, waya ukashuka mpaka kwenye kinasa sauti. Dakika 41, Zuhura. Kaimba mpaka jirani kaja dirishani kuitikia.

ZUHURA: Halafu?

KASIMU: Nafika Dar, navaa hedifoni, dakika ya 17: tititi-tititi-tititi-tiiii.

ZUHURA: Aka, si hivyo. Ni dirigidi-dirigidi-dirigidi-drrrr.

KASIMU: Wewe umesikiliza redio gani?

ZUHURA: Ya mjomba. Nitafika kwa mjomba. Hiyo ni simu imeingia kwenye waya. Simu ya bibi ilikuwa wapi?

KASIMU: Kitochi chake. Kakifunga kwenye pindo la kanga, kiunoni. Waya wa maiki umepita juu yake, hata shubiri haifiki.

ZUHURA: Na hukumwambia azime.

KASIMU: Nilisema, "Bibi, simu." Akasema, "Nimeshaitoa mlio, baba." Nikaridhika.

ZUHURA: Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Mlio ni kengele tu. Ukiutoa, simu inaendelea kuongea na mnara kama kawaida. Ujumbe ukiingia inajibu, na hata kusipoingia kitu, kila baada ya muda inajiripoti kwamba ipo. Na kitochi ni 2G, mtandao wa zamani. Huko simu zinapokezana zamu, nane kwenye masafa yale yale, kila moja na kijisehemu chake cha wakati. Kwa hiyo ya bibi hairushi mawimbi mfululizo, inawaka na kuzimika, mara 217 kwa sekunde. Waya wa maiki unafanya kazi ya antena, saketi ya kinasa inayageuza yale mapigo kuwa sauti. Ndiyo hiyo dirigidi.

KASIMU: Tititi. Na ile nyumba ni ya mawe, ya zamani, kuta nene. Mtandao unaingia kwa kupiga hodi.

ZUHURA: Ndiyo ubaya wenyewe! Simu ikiusikia mnara kwa shida, inapaza sauti. Kwenye megahezi 900 kitochi kinaweza kufika wati mbili. Simu yako janja ikiwa kwenye 4G haifiki hata robo wati, na haikatikatiki kwa mdundo ule. Watu wanamcheka mwenye kitochi, kumbe ndani ya chumba yeye ndiye mwenye nguvu.

KASIMU: Haya, mjomba.

ZUHURA: Mjomba alikuwa na duka Ngamiani, Tanga, miaka ile simu ndiyo zinaingia. Simu anaificha chini ya kaunta, nyuma ya redio. Watu wamejazana wanasikiliza mpira. Redio ikianza dirigidi, mjomba ananyanyua mkono: "Nyamazeni. Kuna mtu wa mbali ananitaja." Sekunde mbili, tatu, simu inaita.

KASIMU: (anacheka) Muongo huyo!

ZUHURA: Wallahi! Maana redio inaanza kuunguruma simu na mnara wakiwa bado wanapatana, kengele haijalia. Mjomba kaligundua hilo, kanyamaza nalo. Kukibipiwa, anajua. Ujumbe, anajua. Wateja wakaanza kushusha sauti wakipita dukani.

KASIMU: Sasa ungesema hivyo kwangu Jumamosi, ningemwambia bibi kuna mtu wa mbali anamtaja.

ZUHURA: Subiri. Akaja mama mmoja, mumewe kaenda Dar miezi saba, kimya. "Shehe, nitazamie." Mjomba akisema sijui, ameumbuka. Akasema, keti hapo, tungoje. Wakangoja. Chai ya kwanza, ya pili. Redio: dirigidi-dirigidi.

KASIMU: Usiniambie.

ZUHURA: Mjomba kafumba macho: "Habari zake ziko njiani." Anachungulia simu chini ya kaunta, ni ujumbe wa kampuni, muda wako wa maongezi unakaribia kwisha.

KASIMU: (anacheka sana) Na mume?

ZUHURA: Akarudi. Wiki ile ile. Na balaa lilianzia hapo, maana asubuhi yake foleni ya kina mama ilifika mpaka kwa fundi baiskeli, na mjomba hana dawa wala kitabu, ana redio.

KASIMU: Alitoza?

ZUHURA: Hakutoza. Lakini uliona vibaya kutazamiwa bure, ukanunua sukari.

KASIMU: Huyo mtu tulitakiwa tumwite leo, siyo mimi.

ZUHURA: Tumepoteza dakika ngapi kwa mjomba? Kumi na mbili. Nina karatasi hapa, mambo sita ya kufanya kabla ya kunasa. La kwanza, hedifoni. Kasimu, ulivaa?

KASIMU: Tulishaongea.

ZUHURA: Tuongee tena. Ile sauti chumbani haipo. Sikio tupu halisikii kitu, inazaliwa kwenye waya. Ungevaa hedifoni, ungeisikia dakika ya 17 ile ile, ukasimamisha.

KASIMU: Nikae mbele ya mwanamke aliyepita miaka themanini, masikio nimeyaziba, nimsimamishe katikati ya wimbo, nimwambie fungua pindo la kanga nione? Mwanawe wa Maskati anampigia kila Jumamosi jioni. Ile simu ndiyo mwanawe. Ningemwambia azime, angezima, na wimbo nao ungezimika.

ZUHURA: Hujui.

KASIMU: Namjua bibi yangu.

ZUHURA: Heshima ni kuihifadhi sauti yake safi. Wajukuu wa wajukuu wako watasikia nini? Dirigidi! Ungeanza mapema, kabla hajaimba: bibi, simu tuipeleke kule chumbani, juu ya kabati, ikiita nitaikimbilia mwenyewe. Haizimwi, inahama tu. Mita tatu nne zingetosha kupunguza sana.

KASIMU: Bibi hatenganishwi na simu yake na kijana aliyekuja kumsikiliza. Ningehamisha waya. Hapo nakubali, waya nilikosea.

ZUHURA: Waya pekee hautoshi.

KASIMU: Kwangu unatosha.

ZUHURA: Basi.

KASIMU: Basi.

(kimya)

ZUHURA: Umejaribu kuisafisha?

KASIMU: Siku tatu. Nimekata ile sauti ya mapigo 217 kwa sekunde, kumbe iko na 434, iko na 651, inapanda hivyo hivyo. Na huko ndiko sauti ya bibi inakaa. Ukikata kidogo, tititi ipo. Ukikata sana, bibi anaimbia ndani ya pipa.

ZUHURA: Programu zote ndivyo zilivyo. Kitu kikishaingia kwenye sauti kimeingia. Dakika ngapi zimeharibika?

KASIMU: Kwa ujumla mbili na nusu. Lakini mojawapo ndiyo jirani anaitikia dirishani.

ZUHURA: Loo. Pole, mwenzangu. Hapo kweli pole.

KASIMU: Ndiyo maana sijaiponda chai.

ZUHURA: Haya. La pili kwenye karatasi... wenye chumba cha kurekodia wananionyesha vidole vinne. Dakika nne.

KASIMU: Soma haraka.

ZUHURA: La pili, simu yako ya kunasia iwe hali ya ndege, siyo kimya. La tatu, waya wa pini tatu, ule wa maiki kubwa, kwa sababu... aa, hilo linataka maelezo. La nne, ile nundu nyeusi kwenye waya wa chaja ya laptopu...

KASIMU: Ile ni ya nini? Tangu utoto najiuliza.

ZUHURA: Dakika mbili, Kasimu, siwezi kuieleza nundu kwa dakika mbili. Wiki ijayo.

KASIMU: Wiki ijayo tumesema bodaboda.

ZUHURA: Wiki nyingine basi. Unarudi Pangani lini?

KASIMU: Jumamosi ya pili. Bibi kakubali kurudia ule wimbo mmoja, ila kwa sharti jirani naye aitwe.

ZUHURA: Utabeba hedifoni?

KASIMU: Nitabeba.

ZUHURA: Kubeba au kuvaa?

KASIMU: Nimesema kubeba.