Umegongwa kichwa, na sasa daktari amekuruhusu nyumbani? Tuanze kutembea, polepole

Jambo ndugu zangu wa Goma, na nyie wa Bukavu mnaotufuata. Video hii ni ya yule aliyeanguka na moto, yaani pikipiki, au aliyegongana kichwa uwanjani, daktari akamuona na kusema ni mtikisiko wa ubongo. Kama daktari hajakuona, anza na yeye. Na kama unatapika-tapika, kichwa kinazidi kuuma, unasinzia hovyo, una degedege, au mkono umelegea, ni hospitali sasa hivi, hata usiku.

Mama zetu wanafunga pazia, mgonjwa analala gizani wiki nzima. Wanafanya kwa upendo, lakini wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walishauri vingine: saa 24 hadi 48 upumzike kiasi, simu uipunguze sana, kisha uanze kutembea taratibu. Kazi nyepesi za nyumbani unaweza. Mwendo huo mwepesi unasaidia ubongo kupona.

Viatu, maji, haya twende. Chagua njia tambarare. Huku kwenye makoro hapana, kizunguzungu kikikushika juu ya mawe haya ya volkano utaanguka tena, na pigo la pili kabla ubongo haujapona ni hatari kubwa. Mimi napenda lami ya karibu na ziwa, asubuhi, kabla motari, madereva wa pikipiki, hawajajaa.

Sasa sikilizeni vizuri. KABLA ya hatua ya kwanza, jipe namba: dalili zako, kama kichwa kuuma au kizunguzungu, ni kali kiasi gani, sifuri mpaka kumi? Iandike. Usiseme nitakumbuka. Ukianza bila namba, hutajua kama umezidisha. Mdogo wangu hapa, tuseme ana 2. Akifika 4 katikati ya njia, na ndani ya saa moja zikashuka, ni sawa. Akifika 5, anasimama na kurudi nyumbani, hata kama ni dakika ya tatu.

Mapigo ya moyo… ngoja, simu imeinama. Haya, mnauona mkono? Vidole viwili hapa chini ya kidole gumba. Gumba lenyewe usilitumie, lina mapigo yake, litakuchanganya. Simama, hesabu papo hapo kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Ukikaa kupiga stori kwanza, moyo umeshatulia na hesabu haina maana.

Toa umri wako kwenye 220. Mdogo wangu ana miaka 30, inabaki 190: hayo ni makadirio ya mapigo yake ya juu kabisa kwa dakika. Mwanzoni asizidi kama asilimia 55 ya hayo, yaani 104 hivi: mapigo 26 kwa hizo sekunde 15. Kwake ni mwendo wa kuongea bila kuhema.

Na ile namba ya dalili, umeiandika? Nauliza tena kwa sababu ndiyo watu wanairuka.

Dakika 15 zinatosha leo. Ukifika nyumbani, jipe namba tena, na nyingine baada ya saa moja. Zikiwa nzuri, kesho ongeza dakika tano. Zikiwa mbaya, kesho punguza. Mpira, baiskeli na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, vinangoja ruhusa ya daktari. Wiki nne zikipita na kichwa bado kinasumbua, mrudie na hilo daftari la namba, alione mwenyewe.