Ndama dume aliye ndani ya chai ya maziwa

Mhadhara uliotolewa Moshi, Sabato alasiri

Heri ya Sabato, wazee wangu, mama zangu na vijana.

Nimeombwa niseme juu ya kuacha maziwa na mayai. Nitaanzia bandani kwangu, maana huko ndiko nilikofundishwa. Nyama niliacha mwaka 1998. Wengi mliopo hapa mliacha kama mimi, na wapo mliozaliwa kwenye nyumba ambazo nyama haipikwi kabisa. Imani yetu ya Kisabato ilifika Giti, kule Upareni, mwaka 1903, kwa hiyo habari ya kula mboga si ngeni milimani kwetu. Basi nikakaa miaka kumi na tisa nikijihesabu mtu ambaye hakuna mnyama anayekufa kwa ajili yake, na kila alfajiri nakaa kwenye kigoda namkamua Tausi.

Tausi alikuwa ng'ombe wa ndani, chotara wa Friesian. Mwaka 2017 akazaa dume.

Kwa wasiofuga nieleze kidogo. Ng'ombe hukamuliwa kwa sababu amezaa. Asipozaa hakuna maziwa. Anabeba mimba miezi tisa kama mama mwingine yeyote. Akishazaa, miezi miwili mitatu ikipita akapanda joto, unamwita mhimilishaji aje na mbegu. Kituo cha taifa cha uhimilishaji kiko jirani tu hapo, Usa River. Anashika mimba nyingine huku bado unamkamua, unamkausha miezi miwili ya mwisho, anazaa tena. Mzunguko ni huohuo mpaka siku mimba inapokataa kushika, na siku hiyo naye anauzwa. Katika ndama wanaozaliwa karibu nusu ni madume. Dume hana maziwa, na kihamba cha nusu eka hakina majani ya kumlisha.

Yule dume nilimwacha anyonye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, kisha nikaanza kumpimia maziwa kwenye ndoo, maana akinyonya mwenyewe ya kuuza hayabaki. Wiki ya tano akaja mnunuzi na pikipiki. Alimfunga miguu yote minne kwa kamba ya katani, akamwingiza kwenye gunia la mahindi hadi shingoni. Nilikuwa nimesimama karibu, nimeshika mdomo wa gunia ili asihangaike. Na wakati yule kijana anakaza fundo, ndama akakipata kidole chake akaanza kukinyonya. Alidhani ni chuchu. Kijana akamwachia kidogo, akakichomoa, akafuta mkono kwenye suruali, akamlaza kwenye keria wakaondoka.

Tausi alilia siku tatu. Usiku anaita, ananyamaza, anatega masikio upande wa barabarani, anaita tena. Asubuhi ya pili nikamkamua hivyohivyo analia, nikaingia ndani nikachemsha chai. Chai ile haikupita kooni. Mimi niliacha nyama ili mnyama asichinjwe kwa ajili yangu. Sasa huyu amekwenda kuchinjwa kwa ajili ya nani? Nyama yake italiwa na mwingine, lakini aliyemtoa kwa mama yake ni mimi, kwa ajili ya kikombe changu.

Baadaye nikajua kwamba wenzetu walishaliona hili zamani. Mwaka 1944 kule Uingereza, Donald Watson na wenzake wachache, wote walaji mboga, waliona kwamba maziwa na nyama haviachani. Wakalichukua neno la Kiingereza la mlaji mboga, vegetarian, wakabakiza mwanzo wake na mwisho wake, likawa vegani, yaani mtu aliyeacha nyama, maziwa na mayai pia.

Jibini nayo ina habari yake. Kwa karne nyingi imegandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa kwenye tumbo la nne la ndama anayenyonya. Siku hizi viwanda vingi hutumia kinachozalishwa na vijidudu, ila ile ya ndama bado ipo. Mtu aliyeacha nyama anaweza kuwa anakula tumbo la ndama bila kujua.

Mayai sitakaa sana. Kuku wa porini ambaye ndiye asili ya kuku wetu hutaga mayai kumi au kumi na tano kwa mwaka, na huyu wa kisasa hutagishwa kama 300, chokaa ya kila ganda ikitoka kwenye mwili wake. Jogoo wa mbegu hiyo hatagi wala hanenepi haraka, hivyo kwenye mashine kubwa za kutotolesha vifaranga vya kiume huuawa siku ileile ya kwanza. Ujerumani walipiga marufuku jambo hilo mwaka 2022.

Sasa najua kuna mama hapa ambaye ng'ombe mmoja ndiye anayelipa ada ya watoto. Mama yangu, sikusemi wewe, wala simsemi mfugaji wa Longido, ambaye mvua yake haikuzi mahindi. Nasema na sisi ambao tumeshachagua, tuna soko la Mbuyuni pale chini lenye choroko, dengu, mbaazi na karanga, na tunaweza kuendelea kuchagua. Samadi pia najua mtaniuliza. Tausi nilibaki naye mpaka akafa kwa uzee, na baada yake natumia mboji ya majani ya migomba, maganda ya kahawa na majivu. Mwaka wa kwanza mikungu ilikuwa midogo, sikatai. Sasa imerudi.

Mifupa je? Gramu 100 za ulezi zina karibu miligramu 340 za kalisi. Maziwa ya uzito huo yana kama 120. Kalisi ya ulezi mwili hauichukui yote kirahisi, lakini ukiuotesha inachukulika vizuri zaidi. Bibi zetu waliuotesha wakapata kimea cha mbege. Sisi tusiokunywa mbege tuuoteshe kwa ajili ya uji.

Na hapa naomba mnisikilize kuliko mahali pengine pote. Vitamini B12 haimo kwenye mchicha, haimo kwenye maharage, wala ndizi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, ni kidogo mno, lakini ukiikosa damu inapungua, mikono na miguu inakufa ganzi, na ganzi hiyo ikikaa muda mrefu inaweza isirudi. Ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo utajiona mzima huku akiba inakwisha. Nunua vidonge, meza. Mama mjamzito na anayenyonyesha asijaribu kabisa bila hivyo, maana mtoto anachukua kwake. Nimeona watu wakiona aibu ya kidonge, wanasema chakula cha Mungu kinatosha. Mimi nameza changu, na sioni kwamba nimemkosea Mungu.

Nje pale kina mama wameinjika kiburu cha ndizi na maharage, kuna mchicha wa nazi, parachichi, na uji wa ulezi ulioungwa kwa karanga. Chai ni ya rangi, ina tangawizi. Tukale kwanza, kisha tukirudi mniulize maswali, na wale wenye ng'ombe nyumbani ndio waanze.