Mshenga Yuko Wapi, Bwana Darcy?

ZUHURA: Jana kwenye feri ya Likoni nilikuwa nacheka peke yangu na kitabu mkononi. Mama mmoja akanisogelea: "Mwanangu, wasoma nini?" Nikamwambia, hadithi ya posa iliyoingia mushkili. Akasema, "Hiyo si iko kwetu mtaani!"

ATHMANI: Kitabu gani chenyewe?

ZUHURA: Ayesha at Last, cha Uzma Jalaluddin, cha 2018. Mifupa ameitoa kwa Jane Austen, Pride and Prejudice ya 1813, lakini watu wake ni Waislamu wa Toronto. Khalid ana ndevu na kanzu, na suala la mke amemwachia mamake. Ayesha ni mwalimu, mtunga mashairi, ulimi kama wembe.

ATHMANI: Mimi na Darcy, yule mposaji tajiri wa Austen, hatujapatana bado. Posa ya kwanza kaenda mwenyewe! Mshenga yuko wapi? Halafu anamwambia binti wa watu, nakupenda, ila ukoo wenu uko chini. Pale Kibokoni angetoka hata kahawa hajaonja.

ZUHURA: (anacheka) Lakini ondoa hiyo jeuri, hadithi imekwisha. Penzi la kuchekesha lataka kizuizi cha kweli. Mtazame Bridget Jones wa Helen Fielding, 1996. Yuko London, ana kazi, ana nyumba yake, hakuna wa kumkataza. Sasa mwandishi afanyeje? Kizuizi kakitia kichwani mwake mwenyewe: kutwa ahesabu sigara na kilo.

ATHMANI: Na sisi vizuizi tunavyo hadi vya kuuza.

ZUHURA: Shangazi mmoja tu wa Mji wa Kale akutosha kitabu kizima! Ndiyo maana Jalaluddin kanikamata. Khalid adhani Ayesha ni binamuye Hafsa, kisha posa yatangazwa kwa Hafsa wa kweli. Hapo hakuna anayeweza kusema "samahani, nimekosea". Mama wawili wameshapeana mikono.

ATHMANI: Lakini si kila kitu chahamishika. Kule kwa Austen mabinti watano hawapati nyumba ya baba, yaenda kwa binamu wa kiume, Collins. Lete hiyo kwa kadhi wetu. Mabinti wasio na kaka wana theluthi mbili yao, mama yao ana thumuni yake, binamu asubiri masalio.

ZUHURA: Eh! Collins wa watu angerudi kwao na kiti cha sebuleni.

ATHMANI: Basi mwandishi wa hapa akibeba ule urithi mzima mzima, msomaji wa Mombasa atamcheka mahali pasipo pa kucheka.

ZUHURA: Wewe ungeanza na ipi?

ATHMANI: Cyrano de Bergerac, mchezo wa Edmond Rostand, 1897. Jamaa ana pua kubwa na maneno matamu, amtungia kijana mzuri wa sura asiyejua kusema barua za kumpelekea binti. Binti apenda barua, adhani za kijana. Hii kwetu haihitaji hata kutafsiriwa. Malenga wangapi wametungia watu mashairi ya mapenzi?

ZUHURA: Na wewe je? Usinifiche.

ATHMANI: ...Mara moja. Rafiki yangu alikuwa akinipa simu yake, namuandikia. Wiki tatu. Nikamtilia hadi vina.

ZUHURA: Ya Rabi!

ATHMANI: Usiku mmoja binti akajibu: "Sasa haya nitumie kwa sauti yako." Jamaa akanitazama, nikamtazama. Akaona heri amnunulie leso, leso yasema yenyewe. Asubuhi akaenda Biashara Street, akachagua rangi, zambarau na manjano, nzuri kweli. Akatuma.

ZUHURA: Na jina la hiyo leso?

ATHMANI: Hakusoma.

ZUHURA: Athmani. Iliandikwa nini?

ATHMANI: "Nilidhani dhahabu, kumbe adhabu."