Nyumba ya Akina Hathaway: Mwaloni, Udongo na Mabua

Mabibi na mabwana, nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumzia nyumba moja tu. Iko Shottery, kijiji kilicho jirani na mji wa Stratford-upon-Avon nchini Uingereza, na ni maarufu kwa jina la Anne Hathaway, aliyekulia humo kabla ya kuolewa na William Shakespeare mwaka 1582. Wengi wetu tumemfahamu mshairi huyo kupitia tafsiri za Mwalimu Nyerere, lakini tamthilia zake tuziache kando. Leo nitazungumzia miti, udongo na mabua, kwani naamini mtu aliyewahi kukandika ukuta kwa mikono yake ataielewa nyumba hii upesi kuliko mtalii apitaye na kamera.

Jina inaloitwa kwa Kiingereza, Anne Hathaway's Cottage, hupotosha kidogo, maana neno cottage hutufanya tufikirie kijumba cha maskini. Akina Hathaway walikuwa wakulima na wafugaji wa kondoo wenye uwezo. Nyumba yao, iliyojulikana zamani kama Newlands Farm, ina vyumba 12, na shamba lake lilizidi ekari 90. Kwa muda mrefu walikuwa wapangaji tu, mpaka Bartholomew, kaka yake Anne, alipoinunua mwaka 1610.

Sehemu iliyo kongwe zaidi ilijengwa karne ya 15, na mifupa yake ni ya mwaloni. Seremala wa zama hizo alitafuta mti uliopinda wenyewe porini, akaupasua katikati kwa urefu, akapata vipande viwili vyenye mpindo uleule. Kisha akavisimamisha vikielekeana kutoka chini hadi kileleni mwa paa, vikakutana juu kama viganja vya mtu anayeomba. Uzito wa paa hubebwa na jozi hizo, wala si ukuta. Miti iliunganishwa kwa ulimi na tundu, kisha ikakazwa kwa vigingi vya mbao. Mwaloni ulichongwa ukiwa bado mbichi, kwa kuwa ukikauka huwa mgumu mno kwa patasi, na kadiri ulivyonyauka ndani ya jengo ndivyo viungo vilivyozidi kubanana. Ule upindaji unaouona katika nyumba za namna hii, wa boriti zilizolegea na sakafu zilizoinama, mara nyingi umetokana na mti kukauka ukiwa mahali pake, na haifai kumlaumu fundi.

Nafasi kati ya nguzo zilijazwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na mabua na samadi ya ng'ombe, kisha chokaa ikapakwa juu. Nimekulia katika nyumba ya bibi yangu iliyojengwa kwa fito na udongo, na kila masika yalipokwisha tulitoka na ndoo kukandika upya pale mvua ilipokula ukuta, hasa upande wa magharibi, ambako alama za vidole vyetu zilibaki hadi msimu uliofuata. Kwa hiyo ninapoona ukuta wa Shottery, siwezi kuuita wa kigeni. Tofauti kubwa iko katika mti: mwaloni haumwogopi mchwa wa kwetu, kwani huko hayupo, na msingi wa mawe huuepusha na unyevu wa ardhi.

Hapo mwanzo ukumbi ulikuwa wazi hadi darini, moto ukiwashwa katikati ya sakafu na moshi ukijipenyezea kwenye paa. Ni katika karne ya 16 ndipo familia ilipoweka ghorofa ndani ya ukumbi na kujenga meko yenye dohani, na hapo maisha ya ndani yakabadilika kabisa, kwa maana sasa watu wangeweza kulala juu bila kusongwa na moshi. Dohani moja ina jiwe lenye herufi IH na mwaka 1697, alama ya John Hathaway aliyeijenga upya. I ilitumika badala ya J. Kwangu mimi jiwe hilo lina thamani kuliko fanicha zote zilizomo, kwa kuwa linamwonyesha mwenye nyumba akikarabati, jambo ambalo ndilo limeifikisha kwetu.

Mwaka 1892 nyumba ilinunuliwa na taasisi inayohifadhi urithi wa Shakespeare, na Mary Baker, wa uzao wa Hathaway, akabaki humo akiwapokea wageni mpaka alipofariki mwaka 1899. Leo imo katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa Uingereza, na kubadilisha chochote kinachogusa hulka yake bila kibali ni kosa la jinai. Hata hivyo ulinzi wa karatasi hauzuii moto: mwaka 1969 nyumba iliungua kwa sehemu, ikalazimu kutengenezwa upya.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mabua yenyewe. Paa la mabua ya ngano hudumu takriban miaka 15 hadi 25, kwa hiyo mabua tunayoyaona hayawezi kuwa yaleyale aliyoyaona Anne, na kila mara mwezekaji anahitaji ngano ya bua refu, lisilovunjwavunjwa. Ngano ya kisasa imefanywa fupi ili isilale shambani, na mashine za kuvuna huiponda. Basi wapo wakulima wachache wanaopanda aina za zamani na kuzivuna kwa mashine za kale, wakifunga miganda, ili mwezekaji apate cha kuezekea paa.