Kwa Nini Siwezi Kumwambia Mwajiri Wangu Akuite

Asalaam aleikum, ndugu zangu wa Mombasa, Kilifi na kwingineko. Nimeketi huku Marekani kurekodi video hii kwa sababu ya swali moja lisilokoma: kila nikiweka video, hata iwe ya mapishi, naulizwa kwa nini simwombi mwajiri wangu amwandikie mtu wa nyumbani barua ya kazi. Wengine wameniandikia kwamba nimeshiba nikawasahau wenye njaa. Nikisema njia ni ngumu nitaambiwa ninalalamika, na nikisema nilipita nitaambiwa ninajigamba, kwa hiyo nitaeleza yaliyonipata mimi tu. Ya mwenzangu huenda yakawa mengine kabisa.

Anayeomba si wewe wala si mimi, ni mwajiri. Kabla hajaniombea ukaazi wa kudumu, mwajiri wangu alilazimika kupata kibali cha Wizara ya Kazi ya Marekani, ambacho huku sote hukiita PERM. Wizara humwekea kiwango cha mshahara asichoweza kushuka chini yake, kisha yeye huitangaza nafasi hiyo gazetini Jumapili mbili, katika ofisi ya ajira ya jimbo kwa siku 30, na kwa njia nyingine tatu ikiwa ni kazi ya kisomo kama yangu ya uhasibu. Akijitokeza Mmarekani au mwenye grinikadi mmoja tu anayeiweza na kuitaka, maombi hayaendelei. Nililisoma tangazo la kazi yangu mwenyewe asubuhi ya Jumapili, nayo ni kazi niliyokuwa nikiifanya kila siku, na moyo ulinienda mbio kama mtu aliyekwisha kufukuzwa. Mwajiri asiyekujua ataubeba mzigo huo kwa sababu mimi nimemsihi?

Wauguzi wana nafuu, kwa kuwa Wizara ilikwisha kukubali kwamba idadi yao haitoshi, na mwajiri wao hahitaji kuwatafuta Wamarekani kwanza. Kuhusu H-1B, viza ya kazi ya muda kwa wenye taaluma, ambayo ndiyo niliyoanza nayo baada ya masomo, nafasi ni 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada za uzamili za vyuo vya huku, na waombaji wanapozidi huchaguliwa kwa bahati nasibu. Septemba 2025 Rais Trump alitia saini tangazo linalomtaka mwajiri alipe dola 100,000 kwa ombi jipya la mtu aliye nje ya nchi. Kuna waajiri wachache sana watakaotoa fedha hizo kwa mgeni.

Sasa niseme la moyoni. Mwajiri wangu wa kwanza alinikata mshahara miezi kadhaa, jumla dola 4,000, akisema ni ada ya wakili wa PERM. Nililipa kwa sababu niliogopa, na sikujua kwamba tangu 2007 kanuni zinamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kibali hicho, zikiwemo za wakili wake. Kisha kampuni ikapunguza watu, nami nikiwemo, nikabaki na siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine au kufungasha. Kwa kuwa ombi langu halikuwa limefika mbali, sikubaki hata na tarehe inayonishikia nafasi kwenye foleni ya ukaazi wa kudumu. Kwa mwajiri wa pili nilianza upya kama mtu aliyefika jana.

Katika kipindi hicho baba yangu alifariki, nami sikuja kumzika. Kibali changu cha kukaa na kufanya kazi kilikuwa hai, lakini viza iliyogongwa kwenye pasipoti ilikuwa imekwisha, na kurudi kungenitaka nisubiri miadi ya ubalozi Nairobi wakati kazi yangu mpya ilikuwa na wiki tatu tu. Kuna jamaa ambao mpaka leo hawanisemeshi kwa sababu hiyo, na wengine wao ndio hao wanaoniomba barua ya kazi.

Sikwambii uje wala usije. Hali yako aijuaye ni wewe na wakili utakayemwajiri. Ila wiki iliyopita dada mmoja wa Likoni alinitumia picha ya karatasi inayoitwa kibali cha PERM, aliyouziwa na wakala kwa shilingi 350,000. Dada yangu, kibali hicho hakiuzwi wala hakinunuliwi, na kikitolewa kihalali hudumu siku 180 tu, ambazo ndani yake mwajiri lazima apeleke ombi la hatua inayofuata kwa idara ya uhamiaji. Wizara ya Kazi huchapisha mtandaoni takwimu za maombi yenye majina ya waajiri. Usimwongezee wakala huyo hata senti. Nitumie jina la mwajiri lililoandikwa kwenye karatasi yako, tulitafute pamoja.