Mlima Usioonekana kwenye Mizani

Ndugu zangu, habari za jioni. Katikati ya Bahari ya Atlantiki kuna safu ya milima iliyozama, na vilele vyake vimeinuka kilomita 2 hadi 3 kupita sakafu ya bahari ya kandokando. Mlima mkubwa namna hiyo ungedhani utavuta kwa nguvu. Meli yenye gravimita, yaani chombo cha kupima mvutano wa dunia, ikipita juu yake, namba zinapanda kidogo tu. Mbona?

Jibu liko chini yake. Mwamba wa huko ni wa moto, umetanuka, umekuwa mwepesi, na wepesi huo ndio unaoubeba mlima.

Kuupima mvutano huo baharini si kazi rahisi. Kipimo chetu ni miligali, na miligali 1 ni kama sehemu moja katika milioni ya mvutano unaotukalisha hapa vitini. Ndani ya gravimita kuna uzito mdogo ulioning'inia kwenye springi. Wimbi likiinua meli, springi husoma maelfu ya miligali za uongo. Hapo tunatafuta wastani wa dakika kadhaa, mawimbi yafutane. Halafu kuna mwendo wenyewe. Ukiwa Ikweta ukielekea mashariki kwa maili 10 za bahari kwa saa, unaungana na mzunguko wa dunia na mvutano unapungua miligali 75. Geuka magharibi, zinaongezeka 75. Kwa hiyo usukani tunauchunga kama tunavyoichunga springi. Mholanzi Vening Meinesz aliyakimbia mawimbi kwa kuzama: mwaka 1934 na 1935 alisafiri hadi Java ndani ya nyambizi K XVIII, akipima kwa pendulamu.

Sasa utamu wenyewe. Toa mvuto wa maji, toa na wa ganda la dunia ukilichukulia kuwa na unene uleule kila mahali, kama kilomita 6. Wanasayansi Kuo na Forsyth walifanya hivyo Atlantiki ya Kusini, wakachapisha mwaka 1988. Kilichobaki kwenye ramani kilikuwa miduara ndani ya miduara, kama shabaha ya mlenga mishale, na mvutano hafifu kabisa ukiwa katikati ya kipande cha safu. Maana yake, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, haipandi sawasawa kotekote. Inakusanyika katikati na kujenga ganda nene. Kwenye ncha, safu inapokatwa na mipasuko, ganda ni jembamba. Pasifiki ya Mashariki, ambako sakafu hupanuka kwa kasi zaidi, miduara hiyo ni hafifu mno.

Ila mvutano peke yake hautofautishi ganda nene na mwamba wa moto. Vyote viwili ni vyepesi. Hapo ndipo tunapohitaji mawimbi ya tetemeko, tuusikilize unene wenyewe.