Nani kawaambia watoto weusi walipewa nafasi za bure?

Asanteni, kaeni wazazi wangu, na hao watoto huko nyuma waacheni wacheze, hawanisumbui. Nimeombwa niongelee udahili wa vyuo hapa Marekani baada ya ile hukumu ya Mahakama ya Juu iliyokataza vyuo kumhesabia mwombaji rangi yake, na wengi mnajua nitasema nini maana nimeshalisema msikitini, nimelisema kanisani, hata kwenye harusi nimelisema, na leo nalirudia kwa sababu bado nasikia watu wazima wanasema "afadhali Mahakama imefuta upendeleo, sasa mtoto aingie kwa akili zake." Akili zake! Kwani zamani waliingia kwa akili za nani?

Nina kisa. Mwaka jana nilikaa jikoni kwa mzazi mmoja, chai imeshapoa, binti yake kafungua laptop anaandika insha ya maombi. Kaandika kwamba akiwa na miaka 11 alienda dukani na mama yake, mama kajitanda kanga, na mlinzi akawa anawafuata rafu kwa rafu, wakisimama naye anasimama, mpaka mama akarudisha maziwa na mkate wakatoka mikono mitupu, na ndani ya gari mama hakusema kitu, akawasha tu redio. Nikasoma nikashindwa kuongea. Baba mtu akapita, akachungulia, akasema, "Futa hayo mambo ya weusi, watasema unaomba huruma." Mtoto akafuta. Niliona yale maneno yanaliwa herufi moja moja kutoka nyuma mpaka pakabaki patupu, halafu akaandika "Napenda kusaidia jamii." Jamani! Si kila mtoto kaandika hivyo?

Na sheria yenyewe haijamkataza. Hukumu ya Juni 29, 2023, Jaji Mkuu Roberts kaandika kabisa kwamba chuo kisimhesabie mtu rangi yake kama rangi, ila mwombaji ana ruhusa kueleza rangi ilivyomgusa maishani. Yaani yule baba kamfungia mwanawe mlango ambao hata Mahakama iliuacha wazi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, haki ni wote kupimwa sawa. Haya, tupime. Kesi hiyo hiyo, ambayo chuo cha Harvard kilishtakiwa, ndo ilitoa hesabu zao nje, tukaona mtoto ambaye mzazi wake kasoma pale alikuwa anakubaliwa kama mmoja kati ya watatu, wakati wengine walikuwa hawafiki 6 kati ya 100. Ukichukua wazungu waliokubaliwa, kama 43 kati ya 100 walikuwa wanamichezo, watoto wa waliosoma hapo, watoto wa wafanyakazi wa chuo, na wale wa orodha maalum ambamo wenye hela zao hawakosi. Huo upendeleo Mahakama haikuugusa! Sasa niambieni, babu mweusi wa Mississippi angesomea wapi ili mjukuu wake arithi, wakati chuo cha jimbo lake mwenyewe, mwaka 1962, kijana mweusi James Meredith kaingia kwa kusindikizwa na maafisa wa serikali kuu, na usiku wa kuamkia siku hiyo watu wawili walikufa kwenye ghasia? Rangi ndo ilimzuia babu, leo mnataka chuo kijifanye hakiioni rangi kwa mjukuu.

Na watoto wa Kichina na Kihindi, ambao walioshtaki walisema Harvard inawaonea? Nalijibu kila mara. Walikuwa wanapewa alama za chini kwenye kipengele cha haiba, yaani tabia na mvuto wa mtu, na mimi hilo silitetei hata kidogo, ila dawa yake ilikuwa kurekebisha kile kipengele, siyo kufuta rangi.

Sisi Wakenya tuna deni hapa. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mwanasiasa wetu Tom Mboya ilileta vijana 81 kusoma huku, na waliosimama kuomba michango ni mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, weusi wa hapa hapa, wakati ambao watoto wa weusi wenzao huko kusini bado walikuwa wanafungiwa vyuo. Kabla ya hukumu mwanao alihesabiwa mweusi kwenye fomu, akapata chuo, halafu leo wewe unakaa sebuleni unasema weusi wa hapa wavivu. Aibu.

Matokeo mmeyaona. Chuo cha teknolojia cha MIT, mwaka 2024, darasa la kwanza baada ya hukumu, weusi walishuka kutoka kama asilimia 13 hadi 5. Naona dada ananionyesha saa.

Basi. Jumamosi saa nne asubuhi tunajaza fomu hapa hapa, mleteni mtoto na insha yake ile ya kwanza, aliyoiandika kabla nyie hamjaigusa.